Watoto Wetu Hutuficha Nini?



Mwezi huu twaomba ruhusa yenu tuiache kidogo ada yetu ya kueleza mambo ya ibada, tuseme juu ya mchezo wa sinema tuliouona nyumbani kwetu, na juu ya yale yaliyotufika baada ya kuuona. Yamkini wako watakaouliza: Mzee wa rika hili, mwenye kusomesha watoto chuoni na kutoa darsa baada ya Magharibi, ana shughuli gani na sinema? Jawabu yetu ni kwamba mara nyingine mtu hukikuta kioo katika nyumba ya jirani, akatazama, akaona uso wake una masizi ambayo watu wa nyumbani kwake waliona haya kumwambia. Mwenye akili hagombi na kioo kwa kuwa si chake. Huenda akanawa uso.

Ilikuwa siku ya pili ya Idi-el-Fitri, mwaka 2023. Mvua ya masika ilishika tangu alfajiri, na wale waliokusudia kutoka kuwazuru jamaa walikaa kitako. Nyumba ilijaa wana, wakwe na wajukuu, kama desturi ya Idi ilivyo. Binti yetu mkubwa peke yake hakuwako. Alituletea salamu kwamba mtoto wake ana homa, nasi tukalipokea neno hilo bila ya kulitia shaka. Baada ya sala ya Adhuhuri, kijana wetu asomaye chuo kikuu akatwambia kwamba katika kompyuta yake anayo filamu ya zamani ya Kiingereza, isiyo na upuuzi wala utupu, ambayo imhusu mzee wa dini na watoto wake. Wajukuu walilalamika kwamba haina rangi. Sisi, kwa kusikia neno "mzee wa dini", tukasema: Haya, iweke.

Jina lake ni The Holly and the Ivy, nayo ilitengenezwa Uingereza mwaka 1952, ikisimamiwa na George More O'Ferrall. Kabla ya kuwa filamu ilikuwa mchezo wa kuigizwa jukwaani, uliotungwa na Wynyard Browne na kuonyeshwa London mwaka 1950. Holly na ivy ni mimea miwili isiyopukutisha majani wakati wa baridi, na Waingereza huzipambia nyumba zao siku za Krismasi. Uko na wimbo wao wa kale wa sikukuu hiyo wenye jina hilo hilo. Kwa kuwa asili yake ni jukwaa, karibu mambo yote makubwa hupita ndani ya nyumba moja. Hapana mbio za magari wala milio ya bastola. Watu huingia, huvua makoti, huketi wakanywa chai, na husema kila kitu isipokuwa lile lililo moyoni.

Nyumba yenyewe ni ya kasisi wa kijiji kimoja cha Norfolk, upande wa mashariki ya Uingereza. Jina lake kasisi huyu ni Martin Gregory, mzee aliyefiwa na mkewe, na anayemwigiza ni Ralph Richardson. Anakaa naye binti yake Jenny, anayeigizwa na Celia Johnson, naye ndiye ampikiaye, ndiye apokeaye wageni, na ndiye aiwekaye nyumba isimame. Katika maisha ya kweli Richardson alizaliwa mwaka 1902 na Celia Johnson mwaka 1908, yaani huyo "baba" alimpita "binti" kwa miaka 6 tu. Lakini waigizaji hawa walikuwa mafundi, na mtazamaji haoni ila mzee na mwanawe.

Siku ya mkesha wa Krismasi jamaa wanaanza kuwasili. Anakuja kijana wa kiume, Michael, askari katika utumishi wa lazima wa jeshi uliokuwako Uingereza baada ya vita. Wanakuja shangazi na mama mdogo, wazee wawili walio mbalimbali kwa tabia. Na kwa taabu, akiwa amechelewa, anakuja binti wa pili, Margaret, afanyaye kazi London ya kuandika katika gazeti la mavazi. Wote wanambusu mzee, wote wanacheka, na kila mmoja amekuja na mzigo wake ambao hakuutua mlangoni.

Jenny amechumbiwa na mhandisi mmoja, naye karibu aondoke kwenda kufanya kazi Amerika ya Kusini kwa muda wa miaka 5. Ampenda, na ataka kwenda naye. Lakini amwachie nani baba? Wala hathubutu kumwambia baba kwamba amechumbiwa, kwa kuchelea asije mzee akajitoa mhanga kwa ajili yake. Margaret naye ana lake, na lake ni zito zaidi. Wakati wa vita alipata mtoto kwa mtu ambaye hakuwahi kumwoa. Mtu huyo akafa vitani. Mtoto akakua kidogo, kisha naye akafa. Mama yake akamlea peke yake, akamzika peke yake, na sasa huzuni yake huizamisha katika pombe. Baba yake, ambaye kazi yake ni kuwafariji waliofiwa, hakujua hata kwamba alikuwa na mjukuu.

Kwa nini hakuambiwa? Si kwa kuwa ni mtu mkali. Wasomaji wetu, twaomba mlitazame jambo hili vizuri, maana humu ndimo ilimo siri ya mchezo wote. Huyu mzee hakuwa mtu wa kupiga wala kufukuza. Ni mpole, ni mchangamfu, apenda maongezi. Watoto wake wampenda. Walimficha kwa sababu moja tu: kwamba yeye ni mtu wa dini. Walikwisha kuamini mioyoni mwao kwamba mtu wa dini haambiwi kweli. Ukimwambia kweli hatakujibu kama baba, atakujibu kama mimbari. Basi wakaafikiana, bila hata ya kukutana na kuafikiana, wamsemeze mambo mepesi, wamwachie amani yake, na kila mmoja ajibebee lake.

Usiku ule Margaret na Michael wanatoka, na wanaporudi wote wawili wamelewa, na binti anaanguka mbele ya baba yake. Asubuhi ya sikukuu mzee anataka kujua kuna nini. Hapo ndipo kijana wa kiume anaposhindwa kuvumilia tena. Anamweleza baba yake, kwa hasira iliyochanganyika na mapenzi, kwamba katika nyumba hii haiwezekani kumwambia neno la kweli, na kwamba sababu ni kazi yake na vazi lake. Kisha anamfunulia yote.

Sisi tulimtazama yule mzee usoni. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyepigwa na kitu asichokiona kilikotoka. Maana yeye siku zote aliidhani dini kuwa ndiyo imwezeshayo mtu kuitazama hali yake kama ilivyo, nayo kumbe nyumbani kwake imekuwa ukuta. Amehubiri umri mzima, amezuru wagonjwa, amezika maiti, na waliokosa kumfikia ni wale wanaokula naye meza moja. Kisha anaketi na Margaret, na hazungumzi naye kama mhubiri, bali kama mtu aliyepata kuhangaika na yeye. Na Jenny je? Mzee alipojua habari zake, ilidhihirika kwamba kamwe hakutaka kuwa kizuizi cha ndoa yake. Lile dhabihu alilokuwa akilifanya, hapana aliyemtaka alifanye. Margaret anakubali kubaki, Jenny anapata njia yake, na filamu inakwisha.

Hapa twataka kusema jambo moja ili tusije tukafahamika vibaya. Hatukuieleza hadithi hii ili kuisifu sikukuu isiyokuwa yetu, wala hatukusudii kuwacheka watu wa dini nyingine kwa maovu ya nyumba moja ya mchezo. Laiti maovu ya nyumba yangekuwa ya dini moja tu! Twaendelea kwa kuwa yaliyofuata ni yetu.

Filamu ilipokwisha, wajukuu walikwisha kulala chini kwenye jamvi, na mvua ilikuwa ingali ikinyesha. Tukawageukia wana wetu, na kwa mzaha, wallahi kwa mzaha, tukawauliza: "Je, na nyinyi mwatufanya hivyo?"

Hapana aliyecheka.

Wako watu wanaosema kwamba kimya si neno. Sisi twasema kimya cha siku ile kilikuwa neno refu kuliko khutba zetu zote. Kijana wa chuo kikuu aliitazama kompyuta yake iliyozimika. Mkwe wetu aliinuka akaingia jikoni. Tukamtazama mama watoto, ambaye tumekaa naye miaka 38, naye akawa akiukunja ukingo wa kanga yake, akiukunja na kuukunjua. Koo letu likakauka. Tukasema, sasa si kwa mzaha: "Kuna nini?"

Mama watoto ndiye aliyesema. Binti yetu mkubwa alikuwa amekwisha kuachwa. Miezi 8 ilikuwa imepita. Eda yake ilikwisha zamani. Mtoto hakuwa na homa. Alikuwa akikaa na mwanawe katika chumba kimoja cha kupanga, katika mji ule ule alioolewa, akishona nguo za watu usiku, na mama yake akimpelekea kwa siri fedha alizopata kwa kuuza vitumbua. Ndugu zake wote walijua. Majirani wawili walijua. Katika nyumba hii aliyekuwa hajui ni mmoja, naye ni huyu ambaye watu humwita kutoka mitaa ya mbali aje awasuluhishe mume na mke!

Tukauliza kwa nini hakurudi kwao. Mama watoto akatujibu kwa upole, na upole ule ulituumiza kuliko ukali: "Bwana, umesahau uliyoyasema harusini?"

Tulikuwa tumesahau. Miaka 4 kabla ya hapo, katika harusi ya binti wa ndugu yetu, tulisimama kutoa nasaha, na katika kuwausia wanawake wavumilie katika ndoa zao tukasema kwamba mwanamke wa ukoo wetu atakayerudi nyumbani na furushi lake ataukuta mlango umefungwa. Watu walilipenda neno lile. Walicheka, wakatupongeza, na kwa muda wa siku mbili tatu lilirudiwa barazani. Kisha nasi tukalisahau, kama msemaji anavyoyasahau maneno yake mazuri. Lakini binti yetu alikuwa ameketi upande wa wanawake, akalisikia, na siku aliyopewa talaka yake lilikuwa la kwanza kumjia. Sisi tulitoa nasaha. Yeye alipokea hukumu.

Usiku ule hatukulala. Tulimkumbuka yule kijana ambaye khabari yake imepokewa na Imam Ahmad katika Musnad yake kutoka kwa Abu Umama, kijana aliyemjia Mtume (s.a.w.) mbele ya watu na kumwomba ampe ruhusa ya kuzini. Watu walimkemea na kutaka anyamaze. Lakini Mtume alimwambia asogee karibu, naye akasogea hata akaketi. Akamwuliza kwa upole kama angelipenda jambo lile kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi yake na kwa mama yake mdogo. Na kila mara kijana alikiri kwamba asingelipenda. Kisha akamwekea mkono wake na kumwombea dua, na kijana akatoka hali jambo lile halina nafasi tena moyoni mwake. Khabari hii tumeisomesha mara nyingi mno, na kila mara tulieleza uovu wa zinaa. Usiku ule ndipo tulipoona kitu kingine ambacho miaka yote tulikuwa tukikiruka. Tuliona kwamba yule kijana alithubutu kuja. Alikuwa na jambo la aibu kubwa, na katika mji mzima mtu aliyemwona kuwa anaweza kumwambia alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu. Sisi binti yetu hakuwa na dhambi wala aibu; alikuwa na msiba. Na katika mji mzima mtu aliyemwogopa kumwambia ni baba yake, mwalimu wa dini.

Tukajiuliza: Khofu ile aliyokuwa nayo ilikuwa ni kumcha Mwenyezi Mungu? La. Ilikuwa ni kutuogopa sisi. Nasi kwa muda mrefu tulikuwa tukiiona khofu ya watoto wetu, wakinyamaza tunapoingia, wakiketi vizuri, wakizima redio, nasi tukiihesabu kuwa ni taqwa. Hapana kosa lililo rahisi kwa mtu wa dini kama kosa hili. Mwenye kumcha Mola wake humkimbilia. Mwenye kumwogopa baba yake humkimbia. Nyumba ya watoto wakimya si lazima kuwa nyumba ya watoto wema. Yamkini ni nyumba ya watoto waliokwisha kukata tamaa ya kusikilizwa.

Siku ya tatu ya Idi tulipanda basi. Tulifika karibu na sala ya Alasiri. Binti yetu alifungua mlango, akatuona, akashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja. "Shikamoo, baba," akasema, na kabla hatujaitikia akaongeza upesi, kama mtu ajiteteaye mbele ya kadhi: "Mtoto alikuwa na homa kweli, sasa amepata nafuu." Alikuwa bado akitulinda na kweli! Tulitaka kusema maneno mengi tuliyoyapanga njiani. Hayakuja. Tukasema, "Tumekuja kuwachukua. Mlango haukufungwa. Ni ulimi wetu tu uliofungwa vibaya." Hakulia, wala hakutukumbatia. Alitutandikia mkeka, akaenda kuteleka chai.

Katika filamu mambo hutengenea katika asubuhi moja, maana mchezo sharti umalizike na watu warudi makwao. Hili twaliona kuwa ni upungufu wake, ingawa si aibu. Katika nyumba za kweli, imani iliyobomoka haijengeki kwa kikombe kimoja cha chai. Binti yetu alirudi nasi, akakaa wiki nyingi akijibu tunaloulizwa na zaidi ya hapo hasemi. Ilipata hata kutupitia kwamba pengine tumechelewa. Kisha siku moja, akichambua mchele uani, akaanza mwenyewe kutueleza, kidogo kidogo, bila ya kututazama. Nasi tukafanya jambo ambalo twalijua kwa uchache: tulisikiliza mpaka mwisho bila ya kutoa aya wala mfano. Mambo ya aliyekuwa mumewe hatuyataji hapa. Naye anayo haki yake ya kusitiriwa.

Lilibaki deni moja. Neno tulilolisema mbele ya watu, tuliona si haki kulifuta faraghani. Katika harusi ya kwanza iliyotufika baada ya hapo, tulipopewa nafasi, tuliwausia wanawake na wanaume pia wavumiliane, kisha tukasema kwamba zamani tulisema neno la mlango kufungwa, na kwamba neno lile lilikuwa la makosa, twalirudisha. Baadhi ya wazee hawakupendezwa. Lakini jioni ile walikuja wanawake wawili kwa mama watoto, kila mmoja na lake.

Ndugu wazazi, hatusemi muyaache maovu yapite bila ya kukatazwa, wala hatusemi baba awe rika wa mwanawe. Halali ni halali na haramu ni haramu. Wala dini yetu haina kasisi wa kuungamiwa. Dhambi ya mja ni baina yake na Mola wake, na mtu ameamrishwa ajisitiri na kuwasitiri wenzake. Lakini kusitiri dhambi ni kitu kimoja, na kumwacha mwana azame peke yake kwa kuwa hana wa kumshika mkono ni kitu kingine. Nabii Yakub (a.s.) aliletewa na wanawe kanzu yenye damu ya uwongo. Alijua kwamba nafsi zao zimewapambia jambo, akasubiri subira njema. Na siku walipokiri makosa yao na kumwomba awaombee msamaha, aliwaahidi kuwaombea. Miaka yote ile njia ya kumrudia baba yao haikuzibwa.

Na nyinyi vijana wetu, msiyachukue maneno haya kuwa ni silaha juu ya wazee wenu. Kumbukeni kwamba watoto wa yule kasisi walimhukumu pasipo kumjaribu. Waliamua wenyewe hataweza kustahimili, na siku alipoambiwa alistahimili. Baba yako ana ulimi mkali? Huenda moyo wake si kama ulimi wake. Mjaribu kwa neno moja dogo kabla ya kumfungia makubwa. Na ikiwa hamthubutu, mtumieni mama, au ami, au mjomba, kama Waislamu walivyozoea kutumana siku zote. Msibaki peke yenu.

Hata leo hatujamwuliza kijana wetu wa chuo kikuu kama ile filamu aliileta kwa makusudi. Twaona bora tusiulize. Kama alifanya makusudi, alitafuta njia ya kumwambia baba yake kweli, akaikuta katika nyumba ya kasisi wa Kiingereza wa mwaka 1952, kwa kuwa nyumbani kwetu njia haikuwako. Sasa, Alhamdulillahi, ipo.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe kimbilio la watoto wetu, wala asitufanye kuwa kitu wanachokikimbia. Na atusamehe kila neno letu zuri lililomfungia mtu mlango. Amin.